Kamera ya Tepu Haijaibiwa

Kamera ya mdogo wangu haijaibiwa. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyozoea kuanza. Ukikutana naye, kabla hujamaliza kumsalimia, ulikuwa umeshaambiwa kwamba katika uwanja ule wa mbele ya ofisi ya ndoa wapiga picha wote wamelizwa, mmoja baada ya mwingine, wengine mara mbili, na yeye peke yake, miaka kumi na moja, hajapotelewa hata na kifuniko cha lenzi. Siku hizi hasemi tena. Basi nasema mimi dada yake, na msitegemee nitasema kwa upole, maana upole sina.

Pale uwanjani wanamwita Tepu. Jina alilopewa na wazazi tunalijua mimi, Mama na kitambulisho chake. Uwanja wenyewe si mkubwa. Upande mmoja kuna ngazi kumi na mbili za ofisi ya ndoa, wanakoshuka maharusi wakiwa bado wameduwaa, wakitafuta pa kuweka mikono. Upande wa pili kuna kituo cha mabasi. Kati ya hapa na pale wanazunguka watu wenye mikono mirefu, wamevaa vizuri kuliko wewe, wanakusalimia kwa heshima na wanakujua unapanda basi gani. Kibanda changu cha kusafishia picha kiko pembeni, hatua thelathini kutoka ngazini: mashine moja, kompyuta moja, mkasi, na feni inayozunguka ikijisikia. Kutoka dirishani pangu nimeona kamera zikiondoka uwanjani kwa kila njia mnayoweza kufikiri.

Ya kwanza kuondoka ilikuwa ya mdogo wangu. Naam, aliibiwa. Hiyo ndiyo kamera asiyoihesabu.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili, kamera mpya shingoni, ina wiki tano tu. Mama ndiye aliyemnunulia. Mama yetu alikuwa fundi cherehani, na aliuza cherehani yake, ile ya meza, ya kukanyaga, iliyotulisha tangu tulipokuwa tunatambaa, ili huyu bwana awe mpiga picha. Nilipiga kelele nyumba nzima siku ile. Mama akasema, "Mimi macho yanachoka, yake ndiyo kwanza yanafunguka. Wewe kelele za nini?" Sikuridhika.

Wiki ya tano hiyo, saa nne asubuhi, jua linawaka, bwana mmoja mwenye suti ya kijivu alimwendea mdogo wangu pale ngazini akitetemeka mikono. Eti yeye ni bwana harusi, ndani wanamsubiri, tai imemshinda, kaka nisaidie nisiaibike. Mdogo wangu akaweka kamera kwenye ngazi, akamfunga tai. Akaifunga vizuri, akairekebisha kola, akamfuta na vumbi begani. Alipoinama kuchukua kamera, ngazi ilikuwa tupu. Alipoinuka kumwambia bwana harusi, bwana harusi naye hayupo. Kwa hiyo kuna mwizi katika mji huu aliyeondoka na kamera ya mama yangu huku amependeza.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka, nilikwenda nyumbani naye. Alimweleza Mama akiwa amesimama mlangoni, hakuthubutu hata kuingia. Mama hakumgombeza. Kesho yake asubuhi tulimkuta amekaa kitandani anapinda gauni la mteja kwa mkono, sindano na uzi, anaisogeza nguo karibu na macho. Afadhali angemtukana! Mdogo wangu alisimama pale akamtazama, kisha akasema, "Mama, nakuapia. Nyingine haitaibiwa. Nikipata kamera nyingine, wataichukua wakishanizika."

Nataka mkikumbuke kiapo hicho, maana yote yaliyofuata yalitoka humo.

Alifanya kazi miaka mitano kwa mwenye studio mmoja, mzee mkorofi aliyemfanyisha kazi za kufagia kwanza, kupiga picha baadaye. Mzee yule alipofunga studio alimwachia kamera yake kuukuu, nzito, lakini lenzi yake nzima. Siku alipokuja nayo nyumbani hakuionyesha kwa mtu. Alijifungia chumbani, akatoka baada ya saa nzima, na kamera ilikuwa imevishwa tepu nyeusi ya mafundi umeme kuanzia juu hadi chini. Jina la kampuni, tepu. Pembe zote, tepu. Ilionekana kama kitu kilichookotwa baada ya ajali. Akauliza, "Dada, wewe ungeiiba hii?" Nikamwambia hata ukinipa sitaki. Akafurahi kama mtoto.

Basi hapo ndipo alipoanza kuishi maisha ya mlinzi. Kamera haikukaa kwenye begi la kamera, kwa sababu begi la kamera ni tangazo. Ilikaa kwenye kikapu cha sokoni, imefungwa na taulo, juu yake mafungu mawili ya mchicha, na mchicha lazima uwe mbichi, ukinyauka anabadilisha. Akipiga picha, mgongo ukutani. Akila, mguu mmoja umepita kwenye mpini wa kikapu. Lenzi alibadilishia chooni, mlango umefungwa kwa komeo, bwana harusi akisubiri nje na shada mkononi. Mkanda wa shingoni alimpelekea Mama, akamwomba aupasue, aingize waya wa breki ya baiskeli, kisha aushone tena, ili mwenye kisu akikata akutane na chuma. Mama aliushona kwa mkono, siku mbili, vidole vikamvimba. Alipomaliza aliuvuta kwa nguvu zake zote akasema, "Sasa waje."

Wenzake walimtania. "Tepu, mgonjwa wako anaendeleaje leo? Bandeji mtaitoa lini?" Siku moja shangazi wa bibi harusi alimtazama kuanzia mchicha hadi tepu, akauliza kwa sauti, "Huyu ndiye mpiga picha, au fundi bomba amepotea njia?" Yeye alicheka tu. Alijua kwamba jioni wenzake wangekuwa wanazunguka kituoni wanauliza nani ameona kamera yao, na yeye angekuwa nyumbani anaifuta yake vumbi.

Sasa kuna mambo mawili kati ya hayo yote ambayo lazima niyaeleze vizuri.

La kwanza ni kadi. Kadi ni kile kiplastiki kidogo, ukubwa wa stempu, kinachoingia tumboni mwa kamera na kuhifadhi picha. Kulikuwa na mwenzake mmoja, tukimwita Kipara, aliyeporwa kamera na harusi nzima ikiwa ndani. Wajomba wa bwana harusi walimbana ukutani mpaka saa kumi jioni, wakitaka awarudishie harusi yao. Kutoka siku ile mdogo wangu alijiwekea sheria: kazi ikimalizika, kabla hajavuka kituo cha mabasi, kadi inatoka kwenye kamera na kuingia soksini, mguu wa kushoto. "Wakichukua kamera, wamechukua chuma," alikuwa akiniambia. "Kazi ya watu ninayo mguuni." Na akifika kibandani kwangu huvua kiatu, huvua soksi, ananikabidhi kadi ina joto. Nilimwambia mara mia kwamba ananitia kinyaa. Hakubadilika.

La pili ni kioo. Kamera hizi zina kioo nyuma, ukipiga picha unaiona hapo hapo. Yeye akasema kioo kile kinawaka, mtu anakiona kutoka ng'ambo ya barabara. Akakiziba kwa tepu. Mwanzoni alikata kijidirisha cha kufunua na kufunika, lakini kikawa kinabanduka kila mara, akaamua kuziba moja kwa moja. Nikamuuliza, "Na utajuaje ulichokipiga?" Akanijibu kwa kiburi, loo, kile kiburi! "Mimi sihitaji kuangalia. Nikishakipiga, kipo."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpiga picha Mama. Mnasikia? Amepiga nusu ya mji huu, amepiga maharusi walioachana na kuoana upya, amepiga mbwa wa hakimu. Mama alikuwa akimwambia, "Na mimi lini?" Yeye akijibu, "Siku nikiwa sina kazi, Mama." Na siku akiwa hana kazi kamera ilikuwa kabatini, kufuli mbili, kwa sababu kuitoa bila sababu ni kujitafutia balaa. Picha pekee ya Mama ilikuwa ya kitambulisho. Humo Mama amekaza uso kama mtu aliyekamatwa ameiba kuku wa jirani. Mwenyewe alikuwa akiitazama na kusema, "Huyu mwanamke nisingempangisha chumba."

Lakini Mama alikuwa mcheshi. Mama akicheka alikuwa anaanza na mabega. Alikuwa na mwanya mbele, na shimo kwenye shavu la kushoto, moja tu, kulia hakuna. Watu walikuwa wakimchokoza makusudi walione lile shimo.

Mwaka jana akaanza kulalamika jino, chini, upande wa kushoto. Tukang'oa jino, maumivu yakabaki. Tukazunguka, tukaambiwa hivi, tukaambiwa vile, mwisho tukamfikia daktari mmoja asiyezunguka. Alisema ni uvimbe kwenye mfupa wa taya, unakua kwa ndani, kwa nje bado hauonekani, na bahati ni kwamba umewahiwa. Atakata taya la chini upande ule, pamoja na nyama ya shavu. "Mama atapona," alisema, "lakini uso hautakuwa huu." Mdogo wangu alishika tama. Mimi niliuliza maswali mengi ya kijinga. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Siku gani?"

Tulipotoka nje alitusimamisha kwenye benchi la korido. "Nina jambo moja tu," alisema. "Kabla hawajanikata, nataka picha. Nikiwa nacheka. Sitaki nikiamka na uso mwingine huu wangu nibaki kuukumbuka kwa kile kitambulisho." Akamtazama mdogo wangu. "Utanipiga?"

"Nitakupiga, Mama."

Mimi nikatoa simu yangu pale pale koridoni, nikasema si nimpige sasa hivi, zikiwa mbili si vibaya. Mama akafunika uso kwa mtandio. "Simu ni ya kupigia watu. Nina mtoto mpiga picha, halafu uso wangu wa mwisho nipigwe na simu?" Mdogo wangu akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Nikairudisha simu kwenye mkoba.

Operesheni ilipangwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Picha tukapanga Jumanne, saa kumi, nyumbani kwa Mama. Jumanne hiyo hiyo mdogo wangu alikuwa na mahafali chuoni. Nilimpigia simu asubuhi nikamwakia. "Kesho Mama anakatwa uso, wewe leo unakwenda kupiga watu wenye majoho?"

"Dada, nimeshaahidi watu. Saa kumi niko hapo."

Mama alikuwa tayari tangu saa nane. Alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe siku za cherehani, akapaka poda, akaniomba rangi yangu ya mdomo, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani. Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Saa kumi ikafika, ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Alikuwa amekunywa dawa ya maumivu ili aweze kucheka, na dawa ilikuwa inaisha nguvu, nikamwona anaanza kushika shavu. Hakulalamika. Alikuwa anasema tu, "Njia zimejaa leo, wamefunga vyuo."

Aliingia saa kumi na moja na nusu, jasho chapachapa, kikapu na mchicha wake mkononi. Na jambo la kwanza, kabla hata ya shikamoo, "Jamani, leo wamenifuata wawili! Kutoka getini mwa chuo mpaka kituoni. Nimewazungusha, nimepitia nyuma ya soko, nimeingia duka moja nikatokea mlango wa pili. Kadi mguuni, kamera kikapuni. Wameachwa kwenye mataa!"

"Piga picha, jua linazama," nikamwambia.

Alitoa kamera, akafungua taulo, akapiga goti mbele ya kiti cha Mama. Alisema mwanga umekuja wenyewe, na kweli ulikuwa umekuja, wa manjano, umemkaa Mama upande mmoja wa uso. Lakini Mama hakuweza kucheka. Alijaribu, ikatoka ile ya kitambulisho. Alijaribu tena, shavu likamuuma, akafumba macho. Mdogo wangu akashusha kamera. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Lakini Mama, ile tai nilimfunga vizuri."

Miaka kumi na sita hatukuwahi kulitaja jambo lile mbele ya Mama. Mama alimtazama. Mabega yakaanza. "Uliifunga vizuri?" akauliza. "Vizuri sana, Mama. Na vumbi nikamfuta." Basi Mama akaangua kicheko, kile chenyewe, mkono ukapanda kuziba mdomo kisha ukashuka wenyewe, mwanya ukaonekana, na lile shimo likatokea shavuni. Kamera ikaanza: kwa, kwa, kwa, kwa. Nikatoa simu yangu nikainua.

"Dada, weka simu chini! Anaangalia kwako, unaniharibia!"

"Weka chini, mwanangu," Mama akasema huku akicheka, machozi yanamtoka. "Nina mpiga picha wangu."

Nikaweka chini. Mimi, ambaye sijawahi kumtii yule kijana katika jambo lolote tangu azaliwe, siku ile nikamtii.

Alipiga mpaka mwanga ukaisha. Akainuka akiwa na uso wa mtu aliyelipa deni, akasema, "Mama, umetoka. Umetoka kuliko maharusi wote." Mama akanyoosha mkono. "Nione."

"Humu huoni, Mama, nimeziba tepu. Kesho Dada anazisafisha, ukiamka unaikuta mbele ya kitanda."

"Si uibandue kidogo tu?"

"Ikishabanduka hairudi vizuri, Mama. Usijali. Nimeshakipiga, kipo."

Mama akasema haya. Akajifuta rangi ya mdomo kwa kona ya mtandio.

Asubuhi tulimfikisha hospitali, tukakaa naye hadi saa mbili na nusu, kisha wakatutoa, wakasema turudi saa saba mchana. Mdogo wangu akasema twende kibandani tukaisafishe picha, tuiweke kwenye fremu, Mama akifumbua macho iwe ipo. Hospitali na uwanja si mbali, ni mwendo wa robo saa. Nikafungua kibanda, nikawasha mashine. Yeye akavua kiatu, akavua soksi, akanipa kadi. Sikushtuka. Kadi hutoka soksini kila siku ya Mungu, ningeshtukia nini? Hata yeye hakushtuka, mkono wake ulikwenda wenyewe ulikozoea.

Nikaichomeka. Majoho. Majoho, kofia, majoho, wazazi na majoho, mtu anarusha kofia juu. Picha mia tatu na kitu. Nikashuka mpaka chini kabisa. Ya mwisho ilikuwa kijana mmoja mwenye joho amemkumbatia mama yake mnene, wote wanacheka.

"Ya Mama iko wapi?" nikauliza.

"Endelea kushuka."

"Nimefika mwisho."

"Hujafika. Shuka."

"Nimefika mwisho, wewe! Njoo utazame mwenyewe!"

Akaja akatazama. Nikamwona rangi inamtoka. Alichukua kamera kutoka kikapuni, mchicha ukamwagika sakafuni, akafungua kile kimlango cha kadi. Patupu. Akaanza kuparua tepu ya kioo kwa kucha, ilikuwa imeshikana kwa miaka, ukucha ukapasuka, akaendelea na vidole vina damu mpaka kioo kikatoka. Akakiwasha. Kilikuwa na maneno meupe mawili tu: hakuna kadi. Onyo lilikuwa pale tangu jana, linawaka chini ya tepu, kila alipobonyeza. Kamera ile hata ikiwa tupu inalia vile vile.

Saa ya ukutani kwangu ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Nikapiga simu wodini. Nikamwambia muuguzi naomba wasubiri, dakika kumi tu, tunakuja kumpiga picha. Alidhani nimechanganyikiwa. Akasema, kwa upole, "Mama yenu ameshaingia. Ameingia saa tatu kamili."

Mdogo wangu alikwishaondoka. Alikimbia mguu mmoja una soksi, mwingine hauna, kamera inaning'inia shingoni waziwazi, bila kikapu, bila taulo, kioo kinang'aa. Alikatisha kituo cha mabasi katikati, pale pale penye wale wenye mikono mirefu, akiwapiga vikumbo. Nilikuwa nyuma yake, niliona. Walimpisha. Hakuna aliyenyoosha hata kidole. Siku ile wangeichukua ningewapigia makofi. Alipofika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji aliugonga, mlinzi akamshika mabega akamkalisha kwenye benchi, lile lile la koridoni.

Mama alitoka salama. Kichwa kizima bandeji, macho tu na pua. Kusema hawezi, wakampa daftari la shule na kalamu. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili aliandika "maji". Mdogo wangu alikuwa akisimama mwisho wa kitanda, hakai, hali, anatazama miguu yake. Mimi sikumsemesha. Nilikuwa nayapanga maneno. Nilikuwa na maneno ya kuanzia cherehani hadi soksi, niliyapanga usiku na mchana ili yatoke yote kwa mpigo mmoja siku Mama atakapouliza.

Siku ya tatu Mama akaandika: "Picha?"

Nikamwambia mdogo wangu, "Haya. Mwambie mwenyewe."

Akamwambia. "Mama, hazikuingia." Mama akamtazama, hakuelewa. Ikabidi aeleze moja moja, mtu mzima mwenye mvi, kwamba kadi ilikuwa soksini kwa sababu ya wale watu wawili, kwamba alisahau kuirudisha, kwamba kamera ilimwambia lakini tepu ilikuwa imeziba. Alionyesha na mguu wenyewe, wa kushoto. Mama alikuwa anamfuata kwa macho, kutoka uso kwenda mguuni, kutoka mguuni kurudi usoni. Kisha macho yakaenda dirishani, yakakaa huko muda mrefu. Bandeji ikaanza kulowa chini ya jicho moja, nikataka kuifuta, akanizuia kwa mkono.

Akachukua kalamu. Akaandika, akamgeuzia daftari: "Kamera ipo?"

"Ipo, Mama."

Akaandika tena, polepole, herufi kubwa: "Afadhali."

Mama si mtu wa kejeli, hajawahi kuwa. Alimaanisha vile vile alivyoandika. Mdogo wangu alilisoma lile neno, akakaa sakafuni na kuegemea kitanda, na Mama akamwekea mkono kichwani. Maneno yote niliyoyapanga siku tatu, sikupata hata pa kuanzia.

Sasa Mama yuko nyumbani. Anaongea, ukimzoea unamwelewa. Mtandio hautoki usoni, na kucheka kwake siku hizi ni kwa mabega tu. Alisema anataka picha ukutani, basi nikachukua ile ya kitambulisho nikaikuza kwenye mashine yangu, nikaipunguza vivuli, nikajitahidi, lakini mtu aliyekamatwa na kuku ukimkuza anabaki amekamatwa. Tukaitundika juu ya kiti cha dirishani. Wageni huitazama, wakamtazama na Mama, halafu huuliza kwa adabu kama zamani alikuwa mkali hivyo. Mimi huwaambia hapana, alikuwa anacheka sana. Mdogo wangu akiwepo huinuka, akaenda chumbani kuangalia kama kabati la kamera limefungwa.